Jioni Nilizokunyima

Durban, Septemba 2014

Sifa mwanangu,

Uko ghorofa ya juu kwa Mama Esther, anamalizia kukusuka, nami nimekaa kwenye meza yetu ya jikoni na sahani bado hazijaoshwa. Tumekula saa kumi na nusu kama siku zote, jua likiwa bado liko nje. Kesho ndege inakupeleka Italia kwa mama yako. Habari za koti, za pasipoti, za kutomwachia mtu begi lako hata akiwa na msalaba shingoni, Mama Esther amekwisha kukuambia zote, na nyingine amezirudia mpaka umefumba macho. Sina la kuongeza hapo. Yangu ni ya namna nyingine, na kwa mdomo yananishinda, maana ukinitazama naanza utani, na utani ukianza yale ya maana yanakimbia.

Leo nimekuangalia unavyokula. Umekula na viatu miguuni, umekaa upande kwenye kiti, uso umeelekea mlangoni. Sahani yako ilikwisha kabla mimi sijapata chumvi. Halafu ukasimama, ukaangalia komeo kama limefungwa, ukakaa tena. Hakuna aliyekutuma. Ni mimi niliyekufundisha, na umeshika somo vizuri kuliko yote uliyofundishwa shuleni.

Huko unakokwenda watu hawali hivyo. Nilifika, nikaona kwa macho yangu, na nikaharibu. Nina mambo mawili ninayoyaogopa usiku huu: kwamba utabeba komeo letu mpaka kule, na kwamba utaingia nyumbani kwa mama yako ukiwa na lile neno nililokuambia juu yake. Neno hilo lilikuwa la uongo. Nitafika hapo, nivumilie.

Huenda hukumbuki, lakini sisi nasi tulikuwa watu wa jioni. Kabla ya 2008 tulipanga chumba Cato Manor, nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mzulu aliyekupenda wewe na kunivumilia mimi. Jua likishuka tulitoa meza nje. Mama yako alikaanga ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na vitunguu, na sombe ya majani ya muhogo ilikuwa imechemka tangu mchana, na harufu ile ilikuwa inakwenda kuita watu bila kutumwa. Wa kwanza kuitika alikuwa Jeremie, rafiki yangu wa kutoka Uvira, aliyekuwa akilinda magari mjini. Kila siku alifika chungu kikifunuliwa, na kila siku alishangaa. "Ah, kumbe munakula? Mie nilikuwa minapita tu." Alikuwa anapita tu, mwaka mzima. Mama yako alikwisha kumwekea sahani yake, na ole wako wewe uiguse.

Jeremie alikula polepole. Alinyonya kila mfupa wa samaki, akasimulia, akasahau alikofika, akaanza tena. Tulikaa mpaka mbu watufukuze. Ulikuwa unalala mapajani mwangu na mimi siwezi kunyanyuka, na nilikuwa nalalamika kwamba mguu umekufa ganzi. Leo ningelipa kwa mguu wenyewe nipate jioni moja ya namna ile.

Jioni ile ya fujo, mwaka ule wenyeji walipowavamia wageni, tulisikia watu wanaimba barabarani, mbali. Mama yako ndiye aliyeacha kijiko kwanza. Alisema, "Baba Sifa, banakuja huku. Tutoke."

Nilikuwa na samaki mkononi. Nikasema, "Banaimba tu. Eish, mama, tukule kwanza, chakula isipoe."

Jeremie alikuwa amekwisha kusimama. Aliponisikia akacheka, akakaa tena, akavuta sahani yake.

Mawe ya kwanza yalipogonga bati hatukuwa na nafasi ya kuchagua njia. Nilikubeba, mama yako akashika mkono wangu, tukapita uani kwa yule mama mwenye nyumba, naye akatufungia ndani kwake. Jeremie alikuwa upande wa barabara wa meza. Walimkuta pale. Hakufa siku ile; alikaa hospitali, akatoka, akarudi, na mwaka haukuisha naye. Daktari alisema ni figo. Mimi najua alikaa tena kwa sababu nilisema tukule kwanza.

Hili sikukuambia kamwe. Ulijua alipigwa. Hukujua kwamba alikuwa amesimama.

Baada ya hapo ndipo zilipoanza sheria zangu. Tulihamia mjini, ghorofani, mlango wa chuma. Niliomba zamu ya alfajiri kule ghalani Mobeni ili niwe nyumbani kabla ya giza. Tukala mapema, kimya, viatu miguuni, na saa kumi na moja komeo likaanguka. Mama yako alijaribu mara moja kuweka viti kwenye baraza. Nilivirudisha ndani, na yeye hakujaribu tena. Wewe wasichana wenzako walipokuita ufukweni Jumamosi jioni uliwajibu kwamba baba anaumwa. Nilikuwa nakusikia kupitia ukuta. Nilifurahi, mwanangu. Nilijiambia huyu mtoto ana akili.

Unajua jinsi mama yako alivyoondoka. Yule bibi Mwitaliano ambaye mama yako alikuwa akimtunza Westville, Bibi Ines, alifiwa na mumewe, akataka akafie kwao, katika mji wake wa kilimani, na hakutaka mikono mingine zaidi ya ile ya mama yako. Tulikubaliana, mimi na yeye, humu humu jikoni. Angetangulia, atafute njia, halafu atuite. Alitafuta, akapata, akatuita. Mimi ndiye niliyesema ngoja kwanza niende nikaone. Mwaka 2012 wewe ukabaki kwa Mama Esther, mimi nikapanda ndege.

Sasa nikueleze ule mji, maana nilirudi nikakueleza vibaya.

Umekaa juu ya kilima, nyumba zimebanana zote za mawe, na vichochoro ni vyembamba hata majirani wanapeana chumvi dirishani. Mchana ni kama watu wamehama. Halafu saa kumi na moja, saa ile ile ambayo mimi hapa natia komeo, milango inafunguliwa. Wanatoka wote. Wazee wamevaa koti na kofia, wanawake wamepaka rangi ya mdomo, watoto, mbwa, bibi wa miaka tisini kashikwa mkono. Wanatembea barabara moja mpaka kanisani, wanageuka, wanarudi, wanageuka tena. Siku ya kwanza nilimwuliza mama yako, "Bote hawa banaenda wapi?" Akanijibu, "Hakuna mahali. Banatembea tu." Nilimtazama nikidhani ananificha jambo.

Na chakula ni saa mbili, saa tatu ya usiku. Mkate wao hauna chumvi. Nilidhani mwokaji amesahau, nikamhurumia, mpaka nilipokula siku ya tatu bado hauna chumvi. Usilalamike kama mimi. Uchovye kwenye mchuzi, au uupake kitunguu saumu na mafuta ya zeituni mapya, yale ya kijani yanayowasha koo kidogo, ndipo utaelewa kwa nini waliuacha hivyo. Iko tambi nene wanayoiviringisha kwa mikono, moja moja, wanawake wamekaa wanasengenya. Iko mboga chungu ya porini wanayoikaanga na kitunguu saumu. Ukifumba macho utafikiri ni lengalenga, mchicha wetu, iliyokasirika. Na unga wa mahindi wanao pia, ila wanaupika laini kama uji wa mgonjwa. Mama yako aliwasongea bugali ya kweli siku moja. Bibi Ines aliikata kwa kisu, akaila na jibini, akaomba tena.

Niliyajua yote haya kwa sababu yaliwekwa mbele yangu. Kuyafurahia ni jambo jingine. Nilikuwa nakula haraka kuliko mtu yeyote pale mezani, nageuka kutazama nyuma, na wenyeji wakiwa ndiyo kwanza wanamiminiana divai mimi nimesimama. "Tumekula, turudi." Mama yako alikuwa ananivuta shati nikae.

Jumapili moja meza iliwekwa nje, mlangoni kwa Bibi Ines. Jirani huyu kaleta viti, yule kaleta nyama ya nguruwe pori iliyopikwa tangu jana, na Bibi Ines amekalishwa mwanzo wa meza na shali mabegani. Giza lilikuwa limeingia. Mama yako alikuwa anapakua. Nikasikia watu wanaimba, vijana, wengi, wanapanda kichochoro kuja kwetu, na wanapiga masufuria.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini mimi sikushtuka tu. Nilimkamata mama yako mkono, nikamvuta ndani, kijiko kikaanguka, nikatia komeo, nikazima taa, nikasukuma kabati la vyombo mpaka mlangoni. Nikamziba mdomo kwa kiganja changu. Yule mwanamke hakuwa amepiga hata kelele. Nje viti vilisogezwa, mtu akagonga, akagonga tena taratibu. Walikuwa vijana wa mtaa waliotoka kuvuna zabibu, na desturi yao wakimaliza ni kupita nyumba kwa nyumba wakiimba, kila meza inawapa kitu cha kula.

Mama yako aliutoa mkono wangu mdomoni. Akasema gizani, "Baba Sifa, fungula mulango. Ni bajirani. Bibi iko inje kwa baridi."

Nilikataa. Nilimzuia mwenye nyumba nje ya nyumba yake, mgonjwa wa miaka themanini na kitu, mpaka mama yako aliposukuma kabati peke yake akafungua. Tulipotoka, Bibi Ines alikuwa amevikwa koti la mmoja wa wale vijana. Kuimba kulikuwa kumekoma. Wote walinitazama, na hakuna aliyekasirika, hilo ndilo lililoniua. Walikuwa wamenifunikia sahani yangu na sahani nyingine nyama isipoe.

Usiku ule chumbani nilimwambia mama yako, "Weye ulisahau. Ulisahau Jeremie."

Alikuwa anakunja shali. Akasema, "Sikusahau. Nilichoka kuogopa, basi."

Nilikuwa natafuta neno la kumshinda, na sikulipata mpaka nilipofika Durban, nikalitua kwako.

Kabla ya hapo iko jioni moja zaidi, na hii ndiyo inayonirudia mara nyingi. Ilikuwa ya mwisho kabla sijaondoka. Mama yako alikuwa hanisemeshi sana, kwa hiyo nilitoka peke yangu nikakaa kwenye ukuta mfupi mwisho wa mji, pale wazee wanapokaa kutazama bonde. Mzee mmoja, fundi wa viatu, alifungua kitambaa, akakata mkate, akaweka juu yake maharagwe yenye mafuta, akanipa kipande bila kuniuliza. Hatukuwa na lugha. Alianza kunionyesha kwa mikono jinsi mbwa wake alivyoiba soseji kwa padri, akawa padri, akawa mbwa, na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka maharagwe yakanidondokea kifuani. Nilipoinua kichwa kulikuwa giza kabisa, taa zimewaka bondeni, na nilikuwa nje, nimekaa, viatu nimevivua bila kujua.

Nikaona aibu. Niliona uso wa Jeremie mbele yangu kama ninavyoona sahani hizi. Nikasimama, nikavaa viatu, nikamwacha yule mzee na kipande kingine mkononi amekinyoosha kwangu.

Nimefikiri sana juu ya kile kipande. Nilidhani namheshimu marehemu. Lakini Jeremie, mwanangu! Jeremie aliyekuwa anapita tu! Angekula chake, angekula changu, angemwomba yule mzee arudie pale pa padri. Miaka yote hii nimefunga kwa ajili ya mtu aliyependa kula kuliko sisi wote, nikakufungisha na wewe, nikaiita heshima. Ilikuwa woga. Na hatia, ambayo sikutaka mtu mwingine aione.

Niliporudi uliniuliza, "Papa, tunaenda lini?" Ulikuwa umekwisha kuwaaga nusu ya darasa lako. Nikakuambia hatuendi. Nikakuambia mama yako amebadilika, amekuwa mtu wa starehe, kila jioni yuko nje na divai, na sisi hatumo tena katika hesabu yake. Nilisema hivyo nikikutazama usoni. Tangu siku ile, kila ulipoletewa simu uongee naye ulisema una kazi ya shule, na nilikuacha useme.

Mama yako hakutuacha. Alituandalia vitanda, niliviona, chako kilikuwa chini ya dirisha na kilikwisha kutandikwa. Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa. Amekuwa nje kila jioni, hilo ni kweli, na ni kweli kwamba anacheka. Baada ya yaliyotupata alijifundisha upya kukaa nje giza likiingia, mwenyewe, bila mume wa kumshika mkono. Mimi nilimwona ameweza jambo lililonishinda, nikamchukia kwa hilo. Sijui jina jingine la kuliita hilo.

Alipopiga simu na habari kwamba karatasi zako zimekubaliwa, aliniuliza tena kama nakuja. Kwa upole, kama mtu anayeuliza mgonjwa kama atakula. Nikamwuliza begi lako linaruhusiwa kilo ngapi. Usinitetee kwake kwa kusema ni kazi, au makaratasi. Mwambie baba hajaweza. Hilo atalielewa.

Sikuombi usiogope. Utaogopa. Siku za kwanza mlango ukigongwa jioni moyo utakuruka, na kelele za vijana zitakufanya utafute viatu. Mwambie mama yako, usione haya. Yeye anaijua njia ya kutoka humo, mimi naijua ya kuingia tu. Atakutoa nje kutembea kwenda mahali ambapo hapapo. Nenda. Wakikualika mezani, usile kwanza nyumbani ili usionekane una njaa, kama tulivyozoea sisi wageni wa watu. Nenda na njaa yako. Na sahani ya kwanza ikiondolewa usisimame, maana bado iko nyingine, na baada ya hiyo wanakaa tu, mezani hakuna kitu ila makombo na maneno. Hapo ndipo mimi nilikuwa nakimbia. Kaa hapo.

Nasikia kiti kinasogezwa juu. Mama Esther amemaliza, utashuka sasa hivi, na nitakuambia nywele zimekaa vibaya ili usione macho yangu.

Jambo la mwisho. Unanijua. Majira haya saa yao na saa yetu ni moja, na saa kumi na moja ikifika mimi nitashika simu. Sitaweza kujizuia, hata nimeandika haya yote. Nitataka kusikia kwamba uko ndani, kwamba umefunga, kwamba umekula. Nitapiga, nitapiga tena, na pengine nitakuachia maneno ya hasira. Kama uko nje, Sifa, usipokee. Iache ilie mfukoni. Mimi nitakaa hapa na hofu yangu, ni yangu, nimezoea kulala nayo.

Nipigie asubuhi, uniambie mlikula nini.

Baba yako